Marahaba Isiyo na Maji

Kama umeketi karibu na mtu anayekohoa kila anapokunywa maji, na siku hizi ukisikia tu kikombe kikiguswa moyo unakuruka, sogea hapa, nakuandikia wewe. Sitakueleza saratani inavyoanza wala inavyotembea mwilini. Hayo daktari wako atakueleza, na asipokueleza muulize tena mpaka achoke yeye. Mimi nitakueleza tulivyoishi nayo nyumbani kwetu Msambweni, mimi na mume wangu Hamisi, tangu Ramadhani moja mpaka masika ya mwaka uliofuata. Nimetoka eda juzi tu. Nimerudi kazini, nacheka tena, na naona sasa naweza kuandika bila ya kulowesha karatasi yote.

Jina langu ni Mwanasiti, lakini huku kusini watu wananiita daktari wa koo. Mimi si daktari. Kazi yangu ni sauti na kumeza. Ukipata kiharusi ukashindwa kuzungumza, au chakula kikawa kinakupotea njia, kinakwenda kifuani badala ya tumboni, unaletwa kwangu. Kabla ya hapo nilikuwa nafua mashuka kwenye hoteli moja ya Diani, mashuka ambayo ukiyaunganisha yangefika Unguja na kurudi. Sekondari niliimaliza kwa masomo ya jioni pale Ukunda, mtoto mgongoni, nasoma biolojia huku nanuka sabuni. Siku mwalimu alipochora koo ubaoni, njia ya pumzi na njia ya chakula zikikutana mahali pamoja, nilimuuliza ni nani basi anayesimama pale mlangoni asiruhusu wali upite njia ya hewa. Darasa zima lilicheka. Mwalimu hakucheka, alisema hilo ndilo swali. Nikalifuata swali lile mpaka chuoni.

Hospitalini nina chumba ambacho ukinyoosha mikono unagusa kuta zote nne kwa pamoja. Mgonjwa aliyenizidi umri nampa shikamoo kabla sijagusa faili lake, na watu wanaona nina adabu kupita kiasi. Adabu ninayo, lakini pia nipo kazini. Marahaba ni neno la a tupu mwanzo hadi mwisho, mdomo unafunguka kila silabi, na mtu halisemi kwa kufikiri, linamtoka lenyewe. Nikilisikia najua mengi. Kuna marahaba ya upepo, ambayo nyuzi za sauti hazikufunga. Kuna marahaba inayoburuta upande mmoja. Na kuna marahaba yenye maji, inayochemka chini kwa chini kama chungu kilichofunikwa. Hiyo maana yake kuna kitu kimekaa juu ya njia ya pumzi na mwenyewe hana habari. Ndiyo ninayoiogopa. Basi mgonjwa akila kijiko, namwamkia. Akinywa funda, namwamkia. Mwalimu mmoja mstaafu wa Matuga aliwaambia wanawe kwamba hajapata kuona binti mwenye heshima kama mimi, anaamkia kabla ya chakula, baada ya chakula na katikati.

Hamisi alikuwa mpishi wa shughuli. Harusi, maulidi, hitima, palipokuwa na sufuria ambalo mtu mzima angeweza kuoga ndani yake, Hamisi alikuwa amesimama pembeni na mwiko mrefu kama kasia. Pilau yake iliwahi kuwapatanisha mawifi wa Vanga waliokuwa hawasemezani tangu enzi za babu zao. Hakupima kwa kijiko. Aligusisha tone la mchuzi kwenye ncha ya ulimi, akatazama juu kana kwamba amesahau kitu mawinguni, akasema "bado" au "imekaa". Akisema imekaa, hapakuwa na rufaa.

Sasa, wapishi wa kwetu wana ruhusa yao katika Ramadhani. Umefunga na unawapikia watu futari: unagusisha chakula kwenye ncha ya ulimi, unajua chumvi, kisha unatema. Madhali hakikupita kooni, saumu yako iko salama. Ramadhani ile Hamisi alikuwa anapika futari ya msikitini, na jioni akirudi anasema ameshafuturu huko huko. Ni nani wa kumhoji? Alipungua, lakini ni nani asiyepungua Ramadhani, ukinitoa mimi ninayenenepa kwa kaimati?

Idi ikapita, tukaingia Mfunguo Mosi, mwezi wa harusi. Nikimwekea chakula anasema anafunga zile sita za sunna. Nikafurahi, nikajisemea mume wangu amekuwa mcha Mungu, huenda ni dua zangu. Sita zikaisha, akaniambia sasa anafunga Jumatatu na Alhamisi. Nikaona huyu anataka kuwa walii, itabidi tumjengee kaburi lenye bendera. Kisha siku moja nilikwenda kwenye harusi ya jirani, nikapita nyuma kwa wapishi kumsalimu. Nikamwona anaonja mchuzi, anatazama juu, halafu anageuka na kuutema kwenye majivu. Ilikuwa Ijumaa, adhuhuri. Nikamtania mbele ya wasaidizi wake, nikamwambia Ramadhani imekwisha, kwani hakuambiwa? Wote walicheka, na yeye alicheka. Alijifuta mdomo kwa kanga ya mabegani na hakunitazama.

Asubuhi yake nilikuwa jikoni. Binti yetu Riziki, kifungua mimba wetu, akapita ukumbini na kumwamkia baba yake kama kila siku.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

Nilizima jiko. Alikuwa amekunywa funda moja la chai, na marahaba ile ilikuwa na maji.

Nilikwenda nikaketi mbele yake nikamwomba anywe tena, nione. Hakunywa. Alikisukuma kikombe polepole mpaka katikati ya meza.

"Nilijua siku utakayonitazama kwa macho yako ya kazini," akasema, "mambo yameisha."

Watu wameniuliza, tena wengine msibani, mimi daktari wa koo nilikosaje kuona. Sikuona. Nyumbani mtu hamtazami mumewe koo, anatazama kama amerudi. Na kwetu mtu akikwambia amefunga humchunguzi, unampisha. Wewe unayesoma, kama mtu wako anafunga kupita alivyozoea, mwekee tende mkononi jioni na usimame pale mpaka aimeze.

Masika yale yalitukuta Mombasa, kwenye benchi. Miaka yote nilikuwa nimekaa upande wa pili wa meza, nikidhani nalijua benchi la wagonjwa. Sikulijua. Benchi lina usingizi wake na vichekesho vyake, na lina mlango mmoja ambao wote mnautazama bila ya kuutazama. Walimwingiza Hamisi kamera kooni, wakakata kipande kidogo, wakatuambia turudi. Tuliporudi, daktari kijana aliongea na mimi kwa maneno ya kitabuni kwa sababu alijua kazi yangu, na Hamisi alikaa katikati yetu kama mzigo unaosubiri mwenyewe. Nilimkatiza. Nilimwambia amwambie mwenye koo. Akamwambia.

Kivukoni, tukisubiri feri, Hamisi akaniuliza kama posa ya Riziki tumeshaijibu.

Maana posa ilikuwa imekuja wiki zile zile. Kijana wa Diani, fundi wa viyoyozi, mpole mpaka unatamani kumchokoza. Tulikubaliana na wazee wake kwamba harusi iwe Mfunguo Mosi wa mwaka unaofuata, na mbele yao wote Hamisi akasema maneno aliyokuja kuyarudia mpaka mwisho. Alisema pilau ya harusi ya mwanawe ataipika yeye, na tonge la kwanza atalila yeye, mbele ya mwanawe. Wazee wakaitikia inshallah. Mimi niliitikia pia, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nililiogopa tonge la wali.

Mionzi ilianza upepo wa kusi uliposhika. Kwenye benchi hawasemi mionzi, wanasema kuchomwa. "Wewe umechomwa?" "Bado, naingia sasa." Walimtengenezea Hamisi kinyago cha wavu mgumu kilichofuata uso wake, pua yake, hata kidevu chake cha ubishi, na kila siku walimlaza na kumbana nacho juu ya kitanda ili asitikisike. Siku ya kwanza alitoka na alama za vijitundu usoni. Akaniambia sasa anajua anavyojihisi mkate wa kumimina.

Pale benchini tulimpata Mama Mutua, Mkamba wa mashamba ya Shimba Hills, aliyekuwa anamleta mumewe. Yeye alikuwa na sauti ya kuita watu kutoka bonde la pili, na aliitumia hospitalini bila ya kuipunguza. Alikuwa anamuuliza Hamisi, "Baba Riziki, leo umekuja na mdomo ama umeuacha nyumbani?" Hamisi alipofika mahali pa kushindwa kujibu, kwa vile koo lilikuwa limechubuka ndani kama goti la mtoto, Mama Mutua alianza kumletea papai. Alilisaga nyumbani kwake alfajiri, akalifunga kwenye kitambaa chenye maji, likatufikia bado la baridi. Siku mumewe alipomaliza michomo yake walikuja tena mara moja, safari nzima kutoka Shimba Hills, kutuletea papai. Nimesoma vitabu vizito kama matofali kuhusu nini cha kumpa mtu wa namna ile. Hakuna kilichozidi papai la Mama Mutua.

Mwili ulibadilika mbele yetu. Ngozi ya shingo ikawa nyeusi kama tako la sufuria, kisha ikachunika. Ndevu za upande mmoja zikaanguka na hazikurudi. Mate yakakauka, alitembea na chupa ya maji kama mtalii, analowesha ulimi. Na ladha ikahama. Alilamba chumvi tupu kiganjani akasema ni mchanga. Alilamba asali akasema ni mchanga uliolowa.

Vuli ilipofika tulipata nafuu, tukaamini. Alianza kula uji mzito, ndizi zilizopondwa, maini niliyoyasaga mpaka yakasahau kwamba yalikuwa maini. Nilimfanyisha mazoezi asubuhi na jioni. Inamisha kidevu. Shika pumzi. Meza kwa nguvu. Kohoa. Meza tena. Nilimtaka aseme "aaa" baada ya kila kijiko ili niisikie sauti, akakataa, akasema yeye si mtoto wa chekechea. Riziki ndiye aliyetafuta dawa. Alikaa naye mezani, na kila baba yake akimeza, yeye anamwamkia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

"Shikamoo baba."

"Marahaba, wewe huchoki?"

Ndivyo tulivyokula vuli nzima, kwa heshima kubwa kuliko nyumba yoyote ya pwani. Lakini kulikuwa na siku alizonichoka kabisa. Siku moja nilimrekebisha kidevu, akauweka chini mkono wangu.

"Mama Riziki," akasema, "leo nataka mke. Huyo daktari mwache alale hospitali."

Nilitoka nje nikaanua nguo ambazo zilikuwa bado hazijakauka.

Mwisho wa vuli alikubali kupika harusi ndogo, jirani na kwetu. Nilimwona akigusisha tone kwenye ulimi, akitazama juu, na akikaa vile kwa muda mrefu mno. Akasema imekaa. Pilau ikapakuliwa, na watu wakala kimya. Unajua maana yake kwa watu wa pwani, kula kimya kwenye harusi. Hakuna aliyesema ni chumvi tupu, walikunywa maji tu, jagi juu ya jagi. Hamisi aliyahesabu majagi kwa macho. Aliporudi nyumbani aliuosha mwiko wake, akaufunga kwa gazeti, akauweka juu ya kabati.

Kaskazi ilikuja na joto lake na kikohozi. Akalazwa kwa kifua, akatoka, akalazwa tena. Walimnywesha dawa nyeupe na kumpiga picha za eksirei zinazotembea, ionekane inakwenda wapi akimeza. Picha za aina hiyo nimeziona nyingi kuliko nilivyoona sinema. Ile moja sikuweza kuimaliza. Weupe ulifika kwenye njia panda, ukasita kama mgeni asiyejua nyumba, kisha ukateremkia kifuani, na Hamisi hata hakukohoa. Mlinzi wa mlango alikuwa amelala. Uvimbe nao, wakatuambia, ulikuwa umerudi na umeteremka chini zaidi. Wakamwekea mpira wa tumboni, uji unapita humo kwa bomba la sindano, na wakamkataza kula kwa mdomo.

Ndipo mama mkwe alipohamia kwetu. Bi Mwanamisi ni mama mzuri, aliyenipokea nikiwa mfua mashuka na hakuwahi kunionea haya. Lakini uchungu unatafuta wa kumlaumu, na mimi nilikuwa karibu. Alisema mbele ya mawifi kwamba nimekuwa nikifuata makoo ya watu mpaka moja limenifuata nyumbani. Kisha akaleta kombe. Mwalimu wa madrasa alikuwa ameandika aya kwenye sahani kwa zafarani, zikaoshwa kwa maji ya mawaridi, na mama akaja na bakuli lake amelifunika kwa kitambaa, anatembea taratibu lisimwagike. Akamwinua Hamisi kichwa.

Nikamshika mkono. "Mama, maji yatamwingia kifuani."

"Haya si maji," akasema. "Haya ni maneno ya Mwenyezi Mungu. Maneno ya Mwenyezi Mungu hayapotei njia."

Tulisimama vile, mkono wangu juu ya mkono wake, na bakuli katikati. Nilichojifunza chuoni kilikuwa upande mmoja, na upande wa pili alikuwa mama aliyemzaa. Hamisi ndiye aliyetuamua. Sauti ilikuwa imebaki ya mnong'ono. Alifunua shati, akaushika mpira wake.

"Mama," akasema, "nina mlango mwingine."

Nilimwonyesha mama jinsi ya kushika bomba la sindano, lisiwe juu sana wala chini sana. Alilimimina kombe lote yeye mwenyewe, tone kwa tone, anasoma huku machozi yanamshuka, na zafarani ilikuwa inaonekana ikishuka ndani ya mpira, njano kama jua la asubuhi. Kuanzia siku ile yeye ndiye aliyemlisha. Hakuniruhusu tena niguse bomba. Alisema naharakisha.

Ramadhani ya pili ikaingia. Hamisi hakuweza kufunga, na hilo lilimwumiza kuliko mpira. Alitaka uji wake wa jioni usubiri adhana ya magharibi kama sisi. Tulimwekea tende kwenye kisahani. Aliinusa, akairudisha, akafunua shati. Na baada ya futari, sote tukiwa bado mezani, akaniambia alichokuwa amekiweka moyoni tangu kivukoni.

"Tonge langu."

Nilianza kueleza. Picha, kifua, akilazwa tena huenda asitoke. Akanyoosha kidole nikanyamaza.

"Namjua daktari atasema hapana. Simuulizi yeye."

Mama mkwe alikuwa anamtazama yeye, Riziki alikuwa ananitazama mimi. Nami nikajua kwamba kama nikisema hapana atanitii, na atakufa akinitii. Nikamwambia mke naye amesomea kazi ile ile, kwa hiyo tutafanya mazoezi.

Tulifanya mazoezi kama timu inayokwenda fainali. Kila jioni nilimsafisha mdomo vizuri, nikamketisha wima, nikamgusisha ulimi kwa nusu kijiko cha uji mzito. Kidevu. Pumzi. Meza. Kohoa. Meza tena. Riziki anaamkia, marahaba ina maji, tunakohoa, tunaacha. Kesho tena. Wewe usinifuate katika hili bila ya kumuuliza anayekutibu, kwa sababu mimi nilijua ninachokihatarisha na bado usiku nilikuwa naamka kusikiliza kifua chake. Siku chache kabla ya Idi, marahaba moja ikatoka kavu. Riziki akaenda kulilia chooni, akidhani hatumsikii.

Siku ya harusi, Hamisi aliuteremsha mwiko wake mwenyewe kutoka juu ya kabati. Tulimwekea kiti karibu na mafiga, upande usio na moshi, kofia kichwani, kanga mabegani. Wasaidizi wake walifanya kazi ya mikono. Yeye aliusikiliza mchele. Aliweka sikio karibu na sufuria na kuonyesha kwa kidole: punguza kuni, palia makaa juu, acha. Mchuzi ulipofika wakati wake, wakamletea upawa kwa mazoea. Aliutazama. Kisha akanielekezea mimi.

"Onja wewe," akasema. "Uniambie."

Nikagusisha ncha ya ulimi. Nikatazama juu, sijui kwa nini, labda ndiko kunakotazamwa. Nilimwambia iliki inaanza, mdalasini inafuata nyuma, bizari iko chini kabisa imetulia, na vitunguu vimekuwa vitamu. Alifumba macho akasikiliza kama mtu anayesomewa barua ya mtu wake aliye mbali.

"Chumvi?"

"Bado."

Akatia yeye, kwa kiganja. Nikaonja tena.

"Imekaa," nikamwambia.

Alitikisa kichwa, kukubali. Mara ile watu walikula kwa kelele, alhamdulillahi, mpaka wageni wa Lunga Lunga wakakwangua ukoko.

Nikachukua wali kidogo, nikauponda na mchuzi, nikauchuja mpaka ukawa laini. Tukaingia naye ndani, mimi na mama mkwe tumemshika huku na huku. Riziki alikuwa ameketi mkekani na piko lake na hina yake, wanawake wamejaa mpaka madirishani, maana ni wakati wa kumwomba baba yake radhi. Hamisi akakaa mbele yake. Nilimpa tonge lenyewe, dogo kama jicho la mbuzi. Akainamisha kidevu. Akashika pumzi. Nikaona koo lile lililoungua likipanda, likasimama juu, likashuka. Akakohoa kidogo, akameza tena. Wanawake wakarefusha shingo, na wengi hawakujua wanatazama nini.

"Shikamoo baba," Riziki akasema.

"Marahaba."

Ilikuwa nyembamba kama uzi. Ilikuwa kavu. Mama mkwe akapiga kigelegele cha kwanza na nyumba nzima ikampokea, wao wakidhani ni cha bibi harusi.

Alikufa masika yaliposhika kasi, nyumbani, mvua ikipiga bati mpaka tukawa tunazungumza kwa ishara. Hakikuwa kifua, uvimbe wenyewe ulimaliza safari yake. Wiki zile za mwisho sauti ilikuwa haipo tena. Riziki alikuja kila asubuhi kutoka kwa mumewe, anatoa shikamoo yake mlangoni akiwa bado na matope miguuni, na baba yake anainua kidole. Nililowesha midomo yake kwa pamba. Siku ya mwisho mama yake alimsomea shahada sikioni, na kidole kile kile kikainuka, kikabaki kimeinuka muda mrefu, kisha mama akakishusha taratibu na kukikunja.

Arobaini yake ilipikwa uani kwetu, katika sufuria lake, na wasaidizi wake. Mimi nilikuwa ndani, kwenye eda. Nilisikia wanabishana kwa sauti ya chini. Kisha Riziki akaingia na upawa, ameukinga kwa kiganja. Akaniambia wamekataa kupakua, hapana anayethubutu kusema imekaa. Wanataka mimi nionje.

Niligusisha ulimi. Nikatazama juu. Iliki ilikuwepo, mdalasini ilikuwepo, na bizari chini kabisa. Nikauchukua mchuzi wote mdomoni, na haukushuka. Miaka yote nimewafundisha watu wazima kumeza, na koo langu lilikuwa limefunga kama duka la Ijumaa. Ulikaa pale, wa moto, na macho yakanijaa. Nikainamisha kidevu. Nikashika pumzi. Nikameza kwa nguvu, nikakohoa, nikameza tena.

Riziki alikuwa bado amesimama mbele yangu na upawa mkononi.

"Shikamoo mama," akasema.

"Marahaba."

Akasikiliza kidogo, kama nilivyomzoeza, kisha akatikisa kichwa kwamba ni kavu.

"Waambie," nikamwambia, "bado. Waongeze chumvi kidogo."